Mausi Isiyo na Waya na Ngamia wa Ukurasa wa Saba

Alhamisi, 11 Septemba

Mbuzi amekula waya! Amekula kweli, si maneno ya kuchekesha. Waya wa kibodi na waya wa mausi, zote za kompyuta mpya ya soko la mifugo la Garissa, ile iliyoletwa juzi pamoja na skrini pana kama mlango. Imekaa kibandani siku mbili tu. Mtu kasahau kufunga, beberu kaingia, kaona vitu vinaning'inia, kavitafuna. Beberu ni mzima kabisa. Kompyuta ndiyo haisikii wala haisemi.

Mzee Bare, mwenyekiti wa kamati ya soko, alitukusanya madalali wote. Akasema kompyuta hiyo ni ya kusajili mifugo: mwenye mnyama, rangi, chapa, alama za mwilini, ili aliyeibiwa apate pa kumtafuta mnyama wake. Kisha akatangaza. Yeyote atakayeifufua, na Jumatano ijayo siku ya mnada akaonyesha wanyama kumi kwenye skrini mbele ya kamati, huyo ndiye karani wa soko. Karani! Kiti chenye mgongo. Feni. Mlango wenye kufuli.

Nikainua mkono. Nikasema kompyuta ni kitu changu cha zamani. Ukweli ni kwamba sijawahi kugusa hata moja. Nimewahi kuwasalimia watu walioketi mbele yake.

Abshir naye akainua mkono. Huyu ni dalali wa mbuzi, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitatu, na ana cheti cha kozi ya wiki mbili ya Nairobi. Amekitia plastiki, anatembea nacho. Akakitoa! Kikapita mkono kwa mkono, hadi wasiojua kusoma wakakisoma. Mimi cheti sina. Nina miaka ishirini na tatu ya udalali wa ngamia, mkono chini ya shali. Maana sisi bei hatuitamki. Muuzaji na mnunuzi hushikana vidole chini ya shali, kidole kikabanwa, kikaachwa, biashara ikaisha, na aliyesimama hapo karibu hajui kilichopita. Hilo Nairobi hawalifundishi.

Nimemwambia Saado, mke wangu. Aliniangalia, akaendelea kumimina maziwa. Simlaumu. Anaikumbuka mashine yangu ya kutotoa vifaranga, iliyochemsha mayai yote. Anaikumbuka sabuni yangu iliyomtoa mjomba wake malengelenge siku ya Idi. Wenzake wa soko la maziwa wakisikia tu "mume wa Saado", huanza kucheka kabla hata ya kuambiwa nimefanya nini. Nataka mara moja, moja tu kabla sijafa, jina la Deeq litajwe mbele ya Saado na asicheke mtu.

Ndiyo maana nimeanza shajara hii, na ndiyo maana naiandika kwa Kiswahili. Karani wa soko huandika Kiswahili. Haya ni mazoezi.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala ya Ijumaa nilipata wazo. Tatizo ni waya. Basi ondoa waya! Mbuzi gani atakula kitu ambacho hakipo?

Moja kwa moja hadi mtaa wa Waberi, kwa abaayo, yaani dada, Mulki. Alikuwa sekretari wa ofisi miaka thelathini, sasa ana duka la vifaa vya kompyuta. Huongea polepole, kila neno limenyooka kama limepigwa pasi. Nikaomba kibodi na mausi zisizo na waya. Akaanza kunieleza. Nikamkatiza, nikamwambia mimi si mgeni wa mambo haya. Akauliza kwa upole kama najua kwamba mausi ina swichi tumboni. Nikamjibu, nani asiyejua? Hata kwamba ina tumbo sikujua.

Akanikabidhi boksi na onyo: nisitupe chochote kilichomo ndani, hata kiwe kidogo namna gani. Nikasema bila shaka, bila shaka. Nyumbani nikatoa kibodi, nikatoa mausi, boksi nikampa Saado atupe.

Nimekutana na Abshir njiani. Amenunua kibodi yenye waya mrefu kama kamba ya kisima. Nikamuuliza na mbuzi je? Akasema ataizungushia meza boma la miiba. Maskini! Kozi nzima ya wiki mbili, na akili imeishia kwenye miiba.

Jumamosi, 13 Septemba

Mzee Bare amegawa zamu. Asubuhi kibanda ni changu, alasiri ni cha Abshir.

Nikaweka kibodi mbele ya kompyuta. Nikapiga bismillahi. Nikaandika DEEQ. Hakuna. Nikaandika tena, kwa nguvu. Hakuna. Nikaisogeza karibu, nikaiinamia, nikaiongelesha. Hakuna!

Ndipo nikajua: ni mtandao. Mchungaji yeyote wa huku anaelewa. Simu isiposhika, unapanda juu ya kichuguu, inashika. Kibandani hakuna kichuguu, kwa hiyo nikapanda meza. Bado. Nikatoka nje, nikapanda tangi la maji, kibodi nimeinyanyua juu ya kichwa, naandika kwa kidole gumba huku nachungulia skrini kupitia dirishani. Bado! Nilipogeuka, kamati nzima ilikuwa chini inanitazama, pamoja na ngamia watatu. Mzee Bare akauliza natafuta nini huko. Nikasema mawasiliano. Akatikisa kichwa. Nadhani kwa heshima.

Nikaenda kwa Mulki. Sikusema ni mimi. Nilisema nina rafiki yangu, kibodi yake inamsumbua. Mulki akauliza kama huyo rafiki ametia betri.

Betri! Kulikuwa na betri tatu ndani ya boksi, zimefungwa vizuri kwenye plastiki. Nilidhani ni zawadi ya dukani. Nimezitia kwenye tochi. Tochi inamulika vizuri ajabu.

Jumapili, 14 Septemba

Betri nimezitoa kwenye tochi. Mbili nimezitia kwenye kibodi, moja kwenye mausi. Nimeigeuza mausi, nimeipata swichi tumboni, nimeiwasha. Taa nyekundu! Iko hai! Nimeruka peke yangu kibandani hadi nikagonga kichwa kwenye feni. Feni yangu, inshallah.

Lakini kompyuta imekaa vilevile, haijui kama nimeingia.

Nikampigia Mulki simu. Yule rafiki yangu bado anahangaika, nikasema. Mulki akauliza rafiki amekiweka wapi kile kidude cha kupokea, kidogo kama ukucha, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Bila hicho, akasema, kibodi na mausi zinaongea na hewa.

Moyo ulinishuka hadi kwenye ndara. Boksi! Saado alishalitupa juzi. Nikakimbia jaani. Nimechimbua taka kwa fimbo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, jua limesimama utosini, watu wanapita wananiuliza nimepoteza dhahabu? Nimepata kijiko, nusu ya redio, na ndara ya kushoto niliyoitafuta mwaka jana mzima. Kidude hakuna. Yule beberu alikuwepo pia, anatafuna kitu. Nilimshika nikamfungua mdomo. Ilikuwa karatasi.

Nimerudi nyumbani nimejaa vumbi, nimekaa kizingitini, na nimemwambia Saado ukweli. Kwamba sijui kompyuta. Sijawahi kujua. Na kwamba Jumatano nitaaibika, naye ataaibika pamoja nami, na kwa hilo naomba radhi. Sijui maneno hayo yametoka wapi.

Saado akafuta mikono. Akaichukua mausi, akaigeuza, akafungua kifuniko cha betri. Kidude kilikuwa humo! Kimelala kwenye kishimo chake ubavuni mwa betri. Nilitia betri hapo hapo kwa vidole vyangu na kukiona nilikiona. Nilidhani ni kiungo chake cha mwili, figo au nini. Nikamuuliza Saado amejuaje. Akasema kwenye boksi kulikuwa na picha, na yeye huangalia kitu kabla ya kukitupa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilichomeka kidude kwenye chaja ya simu. Nilikuwa na sababu: mdomo ni ule ule. Kinaingia vizuri kabisa. Hakuna kilichotokea. Nikampigia Mulki. Kabla sijamtaja rafiki, akasema mwambie rafiki yako akichomeke kwenye kompyuta yenyewe. Mwanamke huyu ana macho marefu.

Nikakichomeka kwenye kompyuta. Nikagusa mausi. Mshale ukatembea! Alhamdulillah! Nikaupeleka kulia, ukaenda kulia. Nikaupeleka juu, ukaenda juu. Umri wangu miaka hamsini na moja na nimecheka peke yangu mpaka mtu wa kibanda cha pili akaja kuniangalia.

Kisha mshale ukakwama. Nikapiga mausi kofi. Wapi! Nikaipuliza. Wapi! Kumbe ni meza: ina kioo juu, na mausi ikikaa juu ya kioo haioni inakokwenda. Nikaijaribu juu ya ukuta, ikaenda kwa shida. Nikaijaribu juu ya paja langu, juu ya kikoi. Ikaenda raha mustarehe. Nimeliandika hilo hapa kwa sababu kichwa changu tayari kilianza kupika jambo.

Halafu kazi ya kuandika. Vidole viwili, kila herufi naitafuta. Nilianza saa mbili asubuhi. Kufikia adhuhuri nilikuwa na ngamia wawili. Lakini ngamia wenyewe! Sikuandika "kahawia" halafu basi. Nilitoka hadi zizini na daftari, nikawatazama mmoja mmoja kama ninavyowatazama siku zote, nikaandika kila kitu. Ukurasa wa kwanza: "Dume, rangi ya chai ya maziwa, jino la mbele limevunjika, huwachukia watu wenye miavuli." Ukurasa wa pili: "Jike, kovu la fisi pajani, huimba akifungwa mzigo." Hii ndiyo kazi ninayoipenda. Sikuwa najua inaweza kuandikwa.

Jumanne, 16 Septemba

Wote kumi wamekamilika; nimeamka alfajiri, na vidole vimeanza kuzijua herufi. Ukurasa wa saba ndio mzuri kuliko wote. Ni ngamia wa Mzee Bare, aliyemnunua wiki iliyopita kwa msafiri fulani na sasa anataka kumuuza. Nimeandika: "Jike, mweupe wa vumbi. Chapa mpya ubavuni, na chini yake chapa ya zamani, mwezi mchanga. Sikio la kulia limechanwa. Akiletewa maji huinua kwanza mguu wa mbele wa kushoto."

Sasa lile jambo lililokuwa likipikwa limeiva.

Nimepima. Nikiwa na mausi mkononi nimetembea kutoka kwenye kompyuta: hatua tano, mshale unatii. Hatua tisa, unatii. Nyuma ya kabati la chuma, unakufa. Kumi na mbili, unakufa. Lakini mstari wa kwanza wa viti, pale watakapokaa wazee, ni hatua saba!

Basi kesho sitakaa mezani hata kidogo. Nitakaa miongoni mwa wazee, shali magotini, mausi chini ya shali juu ya paja. Nitatamka "Fungua!" na kompyuta itafungua. "Geuza!" na itageuza. Watasema huyu Deeq haandiki, huyu anaamuru. Nani atakumbuka cheti?

Nilimweleza Mulki kwenye simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nikae mezani, niweke kitabu chini ya mausi kwa sababu ya kioo, na watu waione mikono yangu, kwani kazi yangu ni nzuri na haihitaji kufichwa. Ushauri wa sekretari! Sanaa hana.

Abshir amemaliza boma lake la miiba kuzunguka upande wake wa meza. Zuri, imara, mbuzi hapiti. Lakini amesahau kuacha mlango. Ameingia kwa kuruka na ametoka na nusu ya kikoi.

Saado ameuliza kesho nitafanya nini hasa. Nikamwambia atajionea. Akasema atakuja. Nimeikunja shali upya, mara tatu.

Jumatano, 17 Septemba

Lazima niandike yote leo leo.

Soko lilifurika. Watu wa Garissa yote na wengine kutoka mbali, vumbi, kelele za ngamia. Kompyuta mezani, skrini imeelekezwa nje, kamati kwenye viti, wengine wamesimama. Saado upande wa akina mama, dumu la maziwa magotini.

Abshir alianza. Akaruka miiba, akakaa, akaandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Nasema haki, anaandika vizuri. Wanyama wake kumi wakatokea. Mbuzi, mweupe. Mbuzi, mweupe. Mbuzi, mweusi kidogo. Mzee mmoja akauliza sasa yupi ni yupi. Abshir akasema wa kwanza ni huyu wa kwanza. Wazee wakatazamana.

Nikaitwa. Nikasimama, nikainama, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya Mzee Bare. Watu wakanong'ona, mbona haendi mezani? Nikatandika shali magotini. Mkono chini. Nikakohoa. Nikatamka: Fungua!

Ikafungua!

Subhanallah zilitoka kila upande. Nikasema, Geuza! Ukurasa wa pili. Geuza! Wa tatu. Wazee wakaegemea mbele, wakaanza kusoma, wakaanza kuwatambua wanyama kwa sauti, huyu ni yule wa fulani, wallahi huyu ni yeye, hata habari ya miavuli ni kweli! Nikafika wa sita. Nilimtupia Saado jicho. Alikuwa ameweka dumu chini. Karibu naye hakuna aliyecheka. Nilijisikia mrefu.

Hapo ndipo mkono ukaingia chini ya shali yangu.

Ulikuwa mkono wa Mzee Bare. Uso wake unatazama mbele, hauonyeshi kitu, uso wa muuzaji mzoefu. Nikaelewa papo hapo. Mzee alikuwa ameona mkono wangu ukichezacheza chini ya shali, karibu na paja lake, siku ya mnada. Angefikiria nini kingine? Mimi mwenyewe ningefikiria hivyo. Alidhani namwita tuelewane juu ya yule ngamia wake mweupe!

Akanishika vidole viwili. Nifanyeje? Kuuchomoa mkono katikati ya mazungumzo ni tusi, na tusi kwa mwenyekiti! Kusema kweli kwamba pale chini nina mausi, ndiyo mwisho wa maajabu. Nikajaribu kukichomoa kidole kimoja taratibu. Akachukulia kwamba nimepunguza bei. Akabana. Kidole changu kikabonyeza. Skrini ikaruka ukurasa wa tisa. Nikapindisha kiganja, akapindisha chake. Ukurasa wa pili. Wa tisa. Wa tano! Nikapaza sauti: Simama! Ukaenda wa kumi. Watu wakaanza kunung'unika, na upande wa akina mama nikasikia mmoja anaanza kukohoa kile kikohozi cha kicheko. Mzee Bare akanibana mbano wa mwisho, mfupa ukalia, nami kwa uchungu nikambana. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tumeelewana.

Nimenunua ngamia! Mbele ya soko zima na bila mtu yeyote kujua, pamoja na mimi mwenyewe hadi wakati huo.

Bare hakuuachia mkono wangu mara moja, kama ilivyo adabu. Skrini ikatulia. Ukurasa wa saba. Nikataka kusema Geuza. Lakini mkono wa kugeuza ulikuwa bado wa Bare.

Mzee mmoja wa mbele akaanza kusoma, mweupe wa vumbi, ndipo mwanamke mmoja nyuma akasema tafadhali usigeuze. Akaomba asomewe. Anaitwa Fatumo, ni mjane, amekuja na gari la asubuhi kutoka Hagadera. Mimi nilikuwa bado mkononi mwa Mzee Bare, kwa hiyo aliyesoma ni Abshir, kutoka ndani ya miiba yake, kwa sauti nzuri. Mweupe wa vumbi. Mwezi mchanga chini ya chapa mpya. Sikio la kulia. Mguu wa kushoto akiletewa maji. Fatumo akasema huyo ni Adey. Huyo ni wangu, ameibwa miezi miwili iliyopita, na ndiye aliyekuwa akininyweshea watoto maziwa.

Kelele! Wengine wakasema ngamia weupe ni wengi. Fatumo akasema nileteeni maji. Tukaenda zizini wote, kamati, wanunuzi, akina mama. Akasimama mbali, akaita, Adey, Adey. Yule ngamia akainua shingo. Akaja. Aliwapita watu kama hawapo, akaja akamnusa Fatumo kichwani. Beseni likawekwa chini. Mguu wa mbele wa kushoto ukainuka.

Halafu Fatumo akalia, na watu wazima walioko pale wakawa wanafuta vumbi machoni.

Mzee Bare aliutazama mkono wake, akanitazama mimi. Ni mtu wa haki, nitalisema popote. Akatangaza kwamba ngamia si wake, alimnunua bila kujua, kuanzia sasa ni wa mwenyewe, na yeye atamtafuta aliyemuuzia. Na kwa sauti ya chini akaniambia kwamba mapatano yetu yamekufa. Alhamdulillah! Nilisema alhamdulillah mara mbili, moja ya Fatumo, moja yangu.

Fatumo aliniombea dua mbele ya watu wote kwa jina langu na jina la baba yangu. Ukurasa ule sikuuchagua mimi, ulichaguliwa na vidole vya Mzee Bare. Sikuona sababu ya kuwachosha watu na hilo.

Alhamisi, 18 Septemba

Mimi ni karani!

Kamati ilikaa asubuhi. Miezi mitatu ya kujaribiwa. Masharti mawili. La kwanza, Mulki atakuja mara mbili kwa wiki kunifundisha. La pili, na hili Mzee Bare alilisema akinitazama sana, mikono ya karani itakuwa juu ya meza wakati wote. Inaonekana amekaa akafikiria. Abshir atakuwa msaidizi, ataandika yeye, maelezo yatakuwa yangu. Aliniambia ukurasa wa saba umeandikwa na mtu anayejua wanyama. Hakukitoa cheti. Nikamwambia ana sauti nzuri ya kusoma. Tukaishia hapo kabla haijawa aibu.

Jioni Saado alirudi kutoka soko la maziwa. Akafungua ushungi, akakaa, akasema kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa kwamba leo wanawake wamemuuliza kama yeye ndiye mke wa yule ambaye maandishi yake yamempata ngamia wa mjane. Nikamuuliza alijibu nini. Akasema alijibu ndiyo. Nikauliza kama walicheka. Akasema hapana, hakucheka mtu. Walimwongezea nafasi akae kivulini.

Nikasema naenda kuangalia kama mbuzi wamefungwa. Hatuna mbuzi. Nimesimama nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikatosheka.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku ya kwanza ofisini. Kiti kina mgongo kweli! Feni inazunguka, inatoa mlio, naupenda mlio huo. Nimefungua kufuli mara nne, si kwa haja yoyote.

Kabla ya saa mbili walishafika watu kuulizia wanyama wao waliopotea. Wote wanasema "karani". Halafu wakaja wanaume wawili wa Masalani, wenye heshima zao, wamesikia habari za kompyuta inayotii mdomo. Wakauliza kama inaweza kuona mifugo iliyovuka mto Tana. Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini waliniita mheshimiwa! Nikasema kwa kuwa haina waya, hakuna cha kuizuia, na mto ni nini? Wakauliza kama naweza kwenda kuwaonyesha Masalani Jumatano ya wiki ijayo, mbele ya wazee wao. Nikaandika barua ya kukubali, nikaweka sahihi, wakaondoka nayo na gari la saa tatu. Mausi yangu inafika hatua tisa. Masalani, saa kadhaa kwa gari, ni zaidi kidogo. Nitamuuliza Mulki kuhusu betri kubwa. Nitasema ni za rafiki.

Saa saba Saado aliniletea chakula ofisini. Hajawahi kuniletea chakula mahali popote. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akaitazama feni, akaitazama meza, akanitazama mimi. Akasema amefurahi, na kwamba hajafurahi hivi kwa muda mrefu. Akasema ana ombi moja tu na hatoomba jingine tena: nisiahidi tena watu jambo nisilolijua.

Nikamwahidi. Wallahi nimemwahidi kwa moyo wangu wote, machozi yananilengalenga, na kila neno nililisema kwa dhati. Yeye alifika saa saba. Barua ya Masalani iliondoka saa tatu. Kwa hiyo barua hiyo haimo kwenye ahadi.